Harufu Isitoroke: Viungo vya Nyumbani kutoka Uani hadi Jikoni

Maandishi ya hotuba iliyotolewa mbele ya wakazi wa Ujiji, mkoani Kigoma, msimu wa mvua ulipokuwa unakaribia.

Ndugu Mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu, akina mama na dada zangu mliojaza viti vya mbele, vijana mliosimama ukutani kwa sababu viti vimekwisha: Assalaam alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo. Nashukuru kwa mwaliko huu, na nashukuru zaidi kwamba umekuja sasa, wakati mawingu yameanza kukusanyika juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, kwa maana mengi nitakayoyasema yanamtaka mtu awe ameshika jembe kabla mwezi huu haujaisha.

Nimeombwa nizungumzie kilimo na matumizi ya viungo, majani ya kunukia, maua na mizizi nyumbani. Mada hii ni pana kiasi kwamba mzungumzaji anaweza kuanzia Pemba kwenye mikarafuu, akapita Bara Hindi, na jua likatua kabla hajafika Kigoma. Kwa hiyo nitashika jambo moja na sitaliachia. Kile tunachokiita harufu ya kiungo, kwa sehemu kubwa, ni mafuta mepesi sana ambayo mmea umeyahifadhi ndani ya jani, ganda, mbegu, ua au tunguu lake la ardhini, na ambayo hupaa hewani mara yanapopata joto, upepo au upenyo. Mkulima wa uani anataka mafuta hayo yawe mengi. Mkaushaji anataka yasiondoke pamoja na maji. Mpishi anataka yabaki mpaka chakula kiingie sahanini. Wote watatu wanafanya kazi moja, na katika nyumba zetu wote watatu mara nyingi ni mtu yuleyule. Kwa jinsi ninavyoziona nyua za mji huu, kulima hakutushindi. Tunachokipoteza tunakipoteza baada ya kuvuna.

Nina mafungu mawili ya mchaichai hapa. Yote yametoka kwenye shina moja na yalikatwa asubuhi moja. Hili lililobaki na ukijani lilikaushwa kivulini, limening'inizwa chini ya paa la baraza; hili la pili, ambalo limepauka kama nyasi za kuezekea, lilianikwa juani juu ya bati. Nitayapitisha. Kila mmoja avunje kipande kidogo cha kila fungu, akifikiche kati ya vidole, kisha anuse, kwanza lile lililopauka, halafu lile la kijani. Msiniambie jibu. Endeleeni kupokezana wakati nasema.

Harufu ya limau mnayoipata hapo inatokana na kitu kinachoitwa sitrali, ambacho kimo pia katika ganda la limau lenyewe. Katika mchaichai mafuta yake yamo ndani ya nyama ya jani, ndiyo maana ukipita karibu na shina lake husikii kitu mpaka uukate au uufikiche. Mrehani na mnanaa ni kinyume chake: mafuta yao yamekaa juu ya ngozi ya jani, katika vifuko vidogo sana ambavyo macho hayavioni vizuri, na ukiyagusa majani tu mkono unanukia siku nzima. Mkono huo unaonukia ni mafuta yaliyokwisha kupotea. Jani la mrehani linalosukumwa, kubanwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuoshwa kwa kusuguliwa limekwisha kutoa sehemu ya mali yake kabla ya kufika chunguni, ilhali mchaichai huvumilia mikikimikiki mingi zaidi. Mrehani uvuneni mwisho, utumieni kwanza, na uoshwe kwa kuchovywa tu.

Watu wa Ujiji hawahitaji kufundishwa kupenda viungo. Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na pamoja na vitambaa na shanga ilikuja mapishi ya pwani, miembe, ndimu, na desturi ya kina mama kutia asumini na mrehani katika nywele siku ya harusi. Pilau inapikwa hapa kama inavyopikwa Bagamoyo, ingawa bahari iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka tulipo. Lakini tazameni jinsi tulivyoipata: karafuu, iliki na pilipili manga zilikuja mabegani mwa wapagazi, kisha kuanzia 1914 reli ilipofika Kigoma zikaja kwa treni, na sasa zinakuja kwa lori. Sisi tuko mwisho wa njia, na kitu cha harufu kinachofika mwisho wa njia, hasa kikiwa kimekwisha kusagwa na kutiwa katika vijikaratasi vinavyoning'inia juani mbele ya duka, kimebaki rangi na vumbi. Hili pekee latosha kuwa sababu ya kulima kile kinachokubali kwetu.

Na si kila kitu kinakubali. Tuko kando ya ziwa, mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari, joto halitupungui mwaka mzima, mvua zetu huanza mwezi wa kumi na kukoma mwezi wa tano, na katikati ya mwaka tunakaa miezi kadhaa bila tone. Iliki inataka kivuli cha msitu, ubaridi na unyevu usiokatika, kama inavyopata katika milima ya Usambara Mashariki. Mwenye kuipanda Ujiji atapata majani mazuri na pengine asipate tumba hata moja. Kitunguu saumu kinataka baridi ili kikaze kichwa, na ndiyo maana wenzetu wa Mbulu wanakilima na kutuuzia. Mkarafuu unamtaka mtu asubiri miaka sita au zaidi kabla ya kuona tumba la kwanza, tena una mazingira yake huko visiwani. Vitu hivi tununue, tena tununue vikiwa vizima, wala tusione haya.

Vinavyotufaa hasa ni tangawizi na manjano, na hapa nitakawia. Mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja, inalimwa kwa namna karibu moja, na kalenda yake inaendana na mvua zetu kana kwamba ilipangwa: hupandwa mvua zinapoanza, hukua katika miezi yote ya unyevu, kisha majani hugeuka njano na kulala chini ukame unapoingia, miezi minane hadi kumi baada ya kupandwa, wakati ambao jua la kukaushia linapatikana bure. Ndugu zetu wa nyanda za juu, Buhigwe na Kasulu, wanajua tangawizi kama zao la shamba. Sisi wa uani tunahitaji tu kitanda cha mita mbili kwa moja, au viroba vichache.

Chagua tunguu lililonona, lisilo na mikunjo wala madoa laini, lenye macho yaliyoanza kuvimba. Likate vipande, kila kipande kibaki na macho mawili au matatu, kisha acha majeraha yakauke siku moja au mbili kabla ya kuvifukia. Kipande kilichokatwa na kuzikwa papo hapo katika udongo wenye maji huoza. Fukia sentimita tano hadi saba, jicho likitazama juu, ukiacha sentimita 30 kati ya mistari na 20 kati ya kipando na kipando. Udongo uwe umechanganywa na samadi iliyooza vizuri au mboji, na tuta liinuliwe, kwa sababu tangawizi hupenda unyevu na huchukia kusimama ndani ya maji. Ukitumia kiroba, tafuta kilicho kipana kuliko kirefu, maana tunguu hutambaa pembeni, halichimbi chini. Tandaza majani ya migomba juu yake. Kivuli chepesi cha mpapai au mgomba hakiidhuru. Jua kali la moja kwa moja ndilo linalounguza ncha za majani.

Kuna ugonjwa mmoja ambao lazima niutaje kwa urefu, kwa sababu unamaliza kitanda kizima na unakuja kwa mikono yetu wenyewe. Ni mnyauko unaosababishwa na bakteria. Majani huanza kujikunja na kuwa njano kuanzia chini, na baada ya siku chache shina zima linalegea ingawa udongo una maji ya kutosha, jambo ambalo humfanya mwenye shamba azidi kumwagilia na hivyo kuusambaza. Ili kuthibitisha, kata kipande cha shina lililonyauka, kishike ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa, ncha iliyokatwa ikiwa chini, na utazame: ikiwa ni bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi za ute mweupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato. Ukiziona, hakuna dawa ya kununua dukani itakayoliponya shina hilo. Ling'oe pamoja na udongo wake wa karibu, uchome mabaki, osha jembe, na mahali hapo usipande tangawizi, nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa, kwa kuwa bakteria hao wanaishi katika mimea hiyo yote na katika udongo. Kwa sababu hiyohiyo, kitanda kilichotoka kwenye nyanya zilizonyauka si mahali pa kuanzia tangawizi.

Wakati wa kuvuna hutegemea matumizi. Tangawizi laini ya kutia katika chai na supu inaweza kuchimbwa kuanzia mwezi wa sita baada ya kupandwa, ikiwa bado haina nyuzi. Inayokusudiwa kukaushwa ingoje mpaka majani yanyauke kabisa. Na hapa jambo letu la mafuta linarudi. Vifuko vya mafuta ya tangawizi viko vingi karibu na ngozi, chini yake tu. Mwenye kumenya tangawizi kwa kisu, akitoa maganda manene kama anamenya muhogo, anatupa harufu na kubaki na ukali na nyuzi. Ikwanguliwe kwa ncha ya kijiko, ngozi ya juu tu itoke. Ikatwe vipande vyembamba, ianikwe, na ikishakauka itakuwa imepungua hadi kama sehemu moja ya tano ya uzito wake wa awali. Ladha pia itakuwa imebadilika: sehemu ya kile kinachowasha ndani ya tangawizi mbichi hugeuka wakati wa kukauka kikawa kitu kingine kinachowasha zaidi, na hivyo mpishi asipime unga mkavu kwa kijiko kilekile alichopimia mbichi.

Manjano hutaka hatua moja zaidi, ambayo wengi huiruka. Matunguu yakishaoshwa huchemshwa mpaka kijiti kipenye bila kulazimishwa, kama dakika 45 hadi saa nzima, kisha ndipo huanikwa, na kwa jua letu huchukua siku kumi hadi kumi na tano. Kuchemsha huko kunaifanya rangi ienee sawasawa na kufupisha muda wa kukauka. Yameiva pale yanapovunjika kwa mlio mkavu. Yakipinda kwanza, bado.

Niseme pia kwa nini ninahimiza manjano isagwe nyumbani. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba huko Bangladesh baadhi ya wasindikaji walikuwa wakiipaka manjano rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae, na risasi hiyo ilikuwa ikiingia katika damu za watu, kina mama wajawazito wakiwemo. Simtuhumu mfanyabiashara yeyote wa hapa. Nasema tu kwamba unga hauna uso, na tunguu linalo: ukilishika unaona ukungu, unaona udongo, unaona kama limepakwa.

Mchaichai utaniwia rahisi, kwa kuwa hakuna mtu Kigoma aliyeshindwa kuupanda. Gawa shina la zamani, kila kichipukizi kiwe na mizizi yake, pandikiza mvua ikinyesha, kata sentimita kumi kutoka ardhini kila baada ya miezi miwili au mitatu, na baada ya miaka mitatu au minne ung'oe na kugawa upya. Ninachotaka kuongeza ni mahali pa kuupanda. Mji wetu uko juu ya vilima, na kila masika tunaona udongo wa nyua zetu ukielekea ziwani. Mchaichai ukipandwa kwa mstari unaokatiza mteremko, mashina yakikaribiana, hushika udongo huo, na bado unakupa chai. Sijui kwa nini tunaupanda shina moja moja karibu na bomba.

Giligilani, au kotimiri kama wengine wanavyoiita, inalalamikiwa kwamba hutoa maua kabla haijashiba majani. Ni joto linaloiharakisha. Ipandwe mwanzoni mwa kiangazi, mwezi wa tano na wa sita, usiku unapokuwa na ubaridi kidogo, mahali panapopata jua la asubuhi tu, na imwagiliwe. Kila punje mnayonunua ina mbegu mbili ndani yake. Ipondeni kidogo kwa chupa mpaka ipasuke, iloweke usiku mmoja, kisha isambazwe palepale itakapokulia, kwa kuwa haipendi kuhamishwa. Ikikushinda na kutoa maua, iache izae: mbegu zake ni kiungo pia, na ni kiungo kingine kabisa kwa harufu.

Mdalasini ni mti, na uani panatosha mmoja. Ukikatwa mdogo huchipua matawi mengi, na magome ya matawi hayo hubanduka vizuri wakati wa mvua, utomvu unapokuwa mwingi. Majani yake tusiyatupe: ganda lina ile harufu tamu tunayoijua, bali jani hunukia kama karafuu, kwa sababu mafuta yake mengi ni yujenoli, kitu kilekile kinachoipa karafuu harufu yake. Jani moja au mawili ndani ya wali yanaokoa karafuu za kununua. Na kwa wapenda maua, asumini hufunguka usiku na hapo ndipo hunukia. Yachumwe matumba jioni, yakiwa bado yamefumba, si asubuhi yakiwa yamekwisha kumwaga yalichokuja nacho usiku.

Sasa tuje kwenye kukausha, ambako ndiko hasara yetu kubwa ilipo. Majani yote ya kunukia yakatwe asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali, na kabla mmea haujachanua, kwa sababu mmea ukishachanua nguvu zake zinakwenda kwenye mbegu. Yakaushwe kivulini penye upepo. Mizizi na pilipili zinastahimili jua, lakini kitu cha kwanza ni kuviinua kutoka chini. Wavuvi wetu wa Kibirizi na Katonga wamekwisha kuonyesha tofauti: dagaa wa kichanja ni safi na hukauka pande zote, wa mchangani ana mchanga. Kichanja kama hicho, cha miti na wavu, kinatosha kwa tangawizi, manjano na choya, yaani rozela. Ila kisiwe kichanja kilekile, wala kisiwe karibu na cha dagaa. Mafuta yanayotoa harufu yanapokea harufu pia, na tangawizi inayonukia dagaa haina mnunuzi.

Kuna sababu kubwa kuliko usafi. Kitu kinachokaushwa polepole chini, kikinyeshewa usiku na kuanikwa tena mchana, huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutengeneza sumukuvu, ambayo haionekani, haina ladha, na haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Miongoni mwa viungo, pilipili ndiyo inayoshambuliwa mara nyingi, kwa sababu ngozi yake ni ngumu na nyama ya ndani hubaki na maji wakati nje inaonekana kavu. Ipasueni kabla ya kuianika, na ikiwa imeota ukungu hata kidogo itupwe, isisagwe ili kuficha rangi. Vaeni mifuko mikononi mnapoipasua. Kile kinachowasha kimo zaidi katika utando mweupe unaoshika mbegu, nacho hakiyeyuki katika maji bali katika mafuta, kwa hiyo mkono uliowashwa upakwe mafuta ya kupikia kwanza, halafu uoshwe kwa sabuni.

Mtaona kwamba pilipili na manjano haviko sawa na mchaichai. Ukali wa pilipili na rangi ya manjano havipai hewani, na uchachu wa choya vilevile. Adui wa hivi ni mwanga na unyevu. Manjano iliyokaa katika chupa inayopitisha mwanga hupauka, na choya iliyopata unyevu hunyong'onyea na kuota ukungu. Lakini matibabu yanaishia kuwa mamoja: chombo kikavu, chenye mfuniko unaobana, kisichopitisha mwanga, kilichowekwa mbali na jiko. Zile rafu nzuri juu ya jiko la mkaa, zenye vikopo vilivyopangwa kwa kimo, ni mahali pabaya kuliko pote nyumbani pa kuwekea viungo. Na visagwe kidogo kidogo. Punje nzima ya bizari nyembamba au iliki ndani ya ganda lake imefunga mlango wake yenyewe. Ukiisaga umefungua milango yote kwa mara moja.

Jikoni, kanuni ni ileile. Vitu vigumu na vizima, kama mdalasini, iliki na karafuu, huanza mapema na mafuta ya kupikia, kwa sababu harufu yao huyeyuka katika mafuta na kukaa humo. Majani mabichi, kama kotimiri na mrehani, huingia mwisho, chungu kikiwa kinateremshwa. Kitunguu saumu kipondwe na kuachwa dakika kadhaa kabla ya kuguswa na moto, kwa kuwa harufu na ukali wake havimo ndani yake kikiwa kizima. Hutengenezwa pale kinapopondwa, na moto wa mapema huzima kazi hiyo. Manjano ipitishwe kwanza katika mafuta ya moto kwa muda mfupi, isiungue. Hapa sisi tuna bahati, maana rangi ya manjano huyeyuka katika mafuta na si katika maji, na mawese tunayo. Migebuka ya ziwa letu iliyopakwa tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na manjano, ikaungwa kwa mawese, na pilipili manga kidogo iliyosagwa palepale, haihitaji kijikaratasi chochote cha dukani. Pilipili manga hiyo ina kazi nyingine zaidi ya ladha: husaidia mwili kupokea kile kilichomo katika manjano, ambacho kwa kawaida hupita tu bila kuingia.

Chai ya mchaichai nayo tunaiharibu kwa mapenzi. Tunaichemsha mpaka nyumba nzima inukie, jirani ajue, na kikombe kibaki na maji ya kijani. Katakateni majani, yamiminieni maji yaliyotoka kuchemka, na funikeni chombo kwa dakika kumi. Mkifunua, yale matone yaliyoshika chini ya mfuniko yarudisheni ndani. Yameshika mafuta yaliyokuwa yanakimbia.

Nimeulizwa mapema na mzee mmoja kama nitazungumzia dawa. Nitazungumza, kwa ufupi. Mwaka 2020 tuliona tangawizi, malimau na vitunguu saumu vikipanda bei sokoni kila mtu alipokuwa anajifukiza na kunywa, na tangu hapo mpaka kati ya kiungo na dawa umezidi kufifia. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, hilo lina ushahidi mzuri. Kivumbasha kikichomwa jioni hupunguza mbu. Lakini Kigoma ni miongoni mwa mikoa iliyosumbuliwa sana na malaria, na hakuna jani la uani linalochukua nafasi ya chandarua, kipimo na dawa mseto. Wapo wanaopanda artemisia na kunywa chai yake kwa sababu wamesikia kwamba dawa ya malaria imetoka humo. Ni kweli imetoka humo. Lakini Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kama tiba wala kinga, kwa kuwa kiasi cha dawa katika kikombe ni kidogo na hakitabiriki, na vijidudu vikipata dozi ndogo vinajifunza kuihimili. Mafuta ya mwarobaini asinyweshwe mtoto mchanga. Yamewahi kuwadhuru watoto vibaya. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie daktari kabla ya kuanza kunywa manjano au kitunguu saumu kwa vijiko, na mjamzito abaki na kiasi cha chakula. Kwa wanaotaka kutibu wengine, nchi ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, na lipo baraza linalosajili waganga na dawa, waende huko. Mimi niko upande wa jikoni.

Kwa vijana wanaotaka kuuza, neno moja. Ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ipo mkoani, wanafundisha usindikaji na ufungashaji, na huko mtaelekezwa namna ya kupata alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango. Ila msianze na kifungashio. Anzeni na kilo moja ya tangawizi kavu ambayo mteja akiinusa anarudi.

Kwenye kapu hili mezani kuna matunguu ya tangawizi na manjano ya kugawana, na pale mlangoni yako mashina ya mchaichai. Kila nyumba ichukue kipande kimoja cha kila aina, na mwenye kitanda kilichokuwa na nyanya au bilinganya msimu uliopita aache tangawizi, achukue mchaichai zaidi. Vipande vya tangawizi vimekatwa jana na majeraha yake yamekauka, kwa hiyo vinaweza kufukiwa mara mvua ya kwanza ikilowesha udongo kiganja kimoja kwenda chini. Kabla ya hapo viwekwe kivulini ndani ya mchanga mkavu. Sasa nitapokea maswali, nikianza na yule mama ambaye mkono wake uko juu tangu nilipotaja mawese.